Zawadi ya mume wangu inadai vidole vyake

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44, nimeolewa miaka 19, tuna watoto wawili. Mume wangu ni fundi magari, ana gereji yake ndogo, na Juni ijayo anatimiza miaka 50. Hanywi, hachezi kamari, hana makuu. Ana ugonjwa mmoja tu: mbio za magari za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa.

Wikiendi hiyo moja ya Juni nyumba huwa yake. Mbio zinaanza Jumamosi saa kumi jioni kwa saa za kule, zinaisha Jumapili saa kumi hiyohiyo, na yeye halali. Nikiamka saa tisa usiku namkuta sebuleni, shuka mabegani, sauti kaipunguza hadi haisikiki ili asituamshe, daftari kaliweka gotini. Daftari hilo ana miaka nalo. Kila saa anaandika gari lipi linaongoza, nani kakamata usukani, nani kaingia piti kubadilisha tairi. Gereji nako, ukutani, kuna picha ya Mazda 787B, ile ya rangi ya chungwa na kijani iliyoshinda mwaka 1991. Wateja wote wameshasimuliwa jinsi dereva wake Johnny Herbert alivyomaliza zamu ya mwisho akiwa hana maji mwilini, akaanguka, wenzake wakapanda jukwaani bila yeye. Mimi hadithi hiyo naweza kuisimulia usingizini.

Mwaka tuliooana aliniambia, "Iko siku nitasimama pale." Nikaiweka moyoni.

Miaka minne iliyopita nilianza kufanya kazi za ziada jioni, kuwapangia watu hesabu za biashara zao. Fedha hizo nikawa naziweka kwenye akaunti ambayo mume wangu haijui. Lengo lilikuwa moja: akifika miaka 50, nimkabidhi bahasha, ndani yake tiketi za Le Mans, zake na zangu. Hadi sasa zimefika. Nauli, malazi, tiketi za mbio, vyote vinatosha.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Miaka miwili iliyopita mashine ya kunyanyulia magari pale gereji iliharibika, haikutengenezeka. Bila mashine ile kazi nusu zinasimama. Mume wangu alihangaika wiki tatu, mwisho akaenda kwa kaka yake kukopa. Shemeji alimpa, lakini kwa maneno. Na siku tulipokutana ndugu wote, akalisema mbele za watu, kwa utani, kwamba "wapo wazee wa miaka 48 bado wanalelewa." Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba mapajani, simu ndani ya mkoba, na kwenye simu ile akaunti yenye karibu mara mbili ya deni lile. Nikanyamaza.

Alilipa kwa miezi 14. Nilimwona akiuza vifaa vyake. Nilijiambia kwamba fedha ni zake vilevile, nikizitoa leo ndoto yake imekufa. Na nikuambie lingine ambalo sijamwambia mtu: nilipenda pia kuwa na kitu ambacho ni mimi tu ninayekijua.

Mwezi uliopita nikaanza kuulizia mambo ya viza. Nimeambiwa kila mwombaji asaini fomu yake mwenyewe na aende mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kwa hiyo siri yangu haiwezi kufika Juni. Yupo bwana mmoja anayejazia watu fomu, kanishauri nimdanganye mume wangu kwamba ni karatasi za bima, asaini, halafu "mengine tutayamaliza." Dada yangu anasema nimwambie tu habari ya safari, ya lini nilianza kuweka akiba nisiyaguse. Na kuna usiku nafikiri heri fedha zote niziingize gereji, nimnunulie vifaa alivyouza, mambo ya Ufaransa yaishe.

Nimwambie yote, nusu, au nisimwambie kabisa? Zimebaki miezi tisa.

Mke wa Fundi

•

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitabasamu kwa ajili ya lile shuka na lile daftari. Mara ya pili nikachukua kalamu kuandika habari za viza. Mara ya tatu nikakwama kwenye mkoba, na nadhani hata wewe ulipokuwa ukiandika ulikwama hapohapo. Umeniuliza habari ya safari, lakini sentensi zako ndefu zote ziko kwenye ile siku ya ndugu na kicheko chao.

Basi kama nimekuelewa: umemwandalia mumeo zawadi kwa miaka minne, kwa jasho lako, na katikati ya miaka hiyo akapita mahali pa aibu ambapo ungeweza kumtoa. Hukumtoa. Sasa zawadi yenyewe haikamiliki bila yeye kujua, na akijua zawadi atajua na yale mengine.

Tuanze na lililo jepesi. Ulichoambiwa kuhusu viza ni kweli. Viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya Ufaransa kwa wanaohitaji viza, huombwa na mtu mwenyewe. Anasaini, anaenda kutoa alama za vidole, isipokuwa awe ameshawahi kuzitoa kwa viza ya namna hiyo ndani ya miezi 59 iliyopita. Huyo bwana wa "mengine tutayamaliza" mwache aendelee na safari zake. Penye udhia penyeza rupia ni usemi wa zamani, lakini ubalozini fomu yenye maelezo ya uongo inaweza kuangusha ombi lote, na jina litakaloandikwa kwenye barua ya kukataliwa ni la mumeo. Sidhani kama unataka aaibike mara ya pili kwa ajili ya zawadi yako.

Kwa hiyo bahasha ya kushtukiza imekufa, iwe unasema yote au nusu. Ruhusu ikuume kidogo. Halafu nikuulize: ni nani aliyeihitaji zaidi ile bahasha, yeye au wewe? Sikusuti. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulipenda kuwa na kitu unachokijua peke yako, na nakushukuru kwa kuliandika, maana wengi wangeliruka. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka 19, kila senti ikiwa na jina la mtu mwingine, kutamani kijipembe chake si dhambi. Lakini kijipembe na zawadi ni vitu viwili, na kwenye barua yako vimesokotana.

Na mtu anayeandika mbio saa kwa saa kwenye daftari, kupanga kwenyewe ni nusu ya raha yake. Le Mans si uwanja wa mpira ambako unapewa namba ya kiti basi. Njia nzima ina kilomita 13.626, na sehemu yake ni barabara za kawaida zinazotumiwa na magari ya watu mwaka mzima. Lazima uamue usiku utakuwa kwenye kona ipi: Tertre Rouge, Mulsanne, au Arnage ambako magari hupunguza mwendo sana na breki zao huonekana zikiwaka kama makaa. Uamue mtalala kwenye hema jirani na njia ya mbio, au mji mwingine kama Tours au Angers mje kwa treni, au Paris, ambako treni ya kasi kutoka stesheni ya Montparnasse huchukua kama saa moja. Uamue mtafika mapema kiasi gani, maana Ijumaa jioni madereva hupitishwa katikati ya mji kwenye magari ya kizamani, watu wamejipanga barabarani. Mambo haya ukimpangia wewe atashukuru. Akiyapanga mwenyewe nadhani atarudi ujanani miaka kumi.

Sasa kuna swali ambalo sikuliona kwenye barua. Anataka kwenda? Alisema "iko siku nitasimama pale" mwaka mliooana. Ni miaka 19. Baada ya hapo hujanitajia neno lake lolote, maneno yote ni yako. Watu hubadilika, na tena mbio hizi ukiwa pale ni kitu kingine kabisa. Nyumbani anaona magari yote yaliyo mbele, anajua tofauti ya sekunde, anajua nani kaingia piti. Akisimama Arnage usiku ataliona gari analolipenda likipita mara moja, kisha atalisubiri kama dakika tatu na nusu lizunguke tena. Huku magari mengine yakimpita, zaidi ya 60 yanaanza mbio, na asipokuwa na redio sikioni hajui nani anaongoza. Wapo wanaosema hapo ndipo utamu ulipo. Wapo pia ambao utamu wao ni saa tisa usiku, peke yao, nyumba imelala. Mimi simjui mumeo, lakini hata wewe hili hujamuuliza.

Nije kwenye lenye uzito.

Dada yako anakushauri useme safari, tarehe za akiba uziache. Kwa karatasi inawezekana. Ubalozini kwa kawaida huonyesha taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni. Hakuna atakayekudai ya miaka minne. Tena si uongo mtupu, ni kunyamaza tu. Lakini umeolewa na mtu wa daftari. Ataona jumla ya fedha, atajua kwa mwezi huwa unapata kiasi gani kwa kazi za jioni, na hesabu ile ataifanya hata asipotaka, labda mkiwa ndani ya ndege, labda akiwa amesimama kwenye mbio alizozitamani maisha yake yote. Akikuuliza pale, "ulianza lini?", utakuwa na sekunde ngapi za kujibu? Inawezekana asiulize kabisa, aikunje ndani. Wewe ndiye unayejua mumeo ni wa aina ipi.

Kusema yote nako si njia ya malaika, tusidanganyane. Kuna kusema kunakomwachia mwenzako mzigo ili wewe upumue. Ukimwendea na bahasha mkono mmoja na toba mkono wa pili, umemfunga: akikasirika ataonekana hana shukrani kwa zawadi, akifurahi atakuwa amemeza aibu yake bila kutafuna. Ndiyo maana, kama ni njia hiyo, mimi ningejiuliza kama mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Kwanza ile siku, peke yake, bila Ufaransa. Halafu zipite siku kadhaa. Halafu safari. Hatari ni kwamba kati ya mazungumzo ya kwanza na ya pili anaweza kusema neno zito, na wewe ukatamani kumrushia tiketi usoni ili anyamaze. Utaweza kuvumilia siku hizo?

Halafu kuna jambo unalolichukulia kuwa dhahiri ambalo mimi silioni hivyo. Unadhani kitakachomuuma ni fedha, kwamba alikopa wakati zipo. Huenda. Lakini fedha zile mtu anaweza kuzielewa: zilikuwa za kwake, ulizilinda, hata yeye angeweza kusema usizitoe. Kilicho kigumu zaidi ni ile kwamba alicheka mbele za watu, akadhani mliobeba aibu ile ni wawili, kumbe mmoja wenu alikuwa na njia ya kutokea. Upweke wa namna hiyo haurudishwi kwa nauli. Nikiwa mimi, hapo ndipo ningeomba radhi, na fedha ningezitaja kama maelezo tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nawe ndiye kata. Pengine unajua sababu ya kunyamaza siku ile ambayo hata kwangu hukuiandika. Kumwogopa shemeji? Hasira kidogo kwa mumeo kwa kukopa bila kukushirikisha? Maana hukuniambia kama kabla ya kwenda kwa kaka yake alikuuliza. Jiulize kwanza, usije ukaungama kosa ambalo silo.

Wazo la kuziingiza gereji lina wema ndani yake na ningeliheshimu, ila tazama umelileta wakati gani: usiku, ukiwa umechoka. Ukimnunulia vifaa alivyouza, atauliza fedha zimetoka wapi, na tumerudi palepale, safari hii bila Le Mans. Na wewe miaka minne ya jioni zako itakuwa imeyeyuka kama faini uliyojitoza mwenyewe. Faini za kujitoza mara nyingi huja kudaiwa kwa yule uliyedhani unamlipa. Lakini kama yeye mwenyewe, akishajua yote, atasema "gereji kwanza," hilo ni jambo lingine kabisa, na ujiandae kulisikia bila kununa.

Ipo pia njia ya kusogeza mbele. Mbio hizi zilianza mwaka 1923 na bado zipo. Mwaka 2020, wakati wa korona, zilihamishiwa Septemba na kufanyika bila watazamaji, zikapita. Miaka 51 nayo ni umri. Kusogeza kunakupa nafasi ya kuzungumza bila saa kugonga. Ubaya wake, nakujua kupitia barua yako: ukipewa mwaka mmoja wa kunyamaza zaidi, utanyamaza.

Kuhusu miezi tisa uliyobakiza, lipo la kuhesabu. Ombi la viza halipokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Wakati huohuo tiketi za Le Mans huanza kuuzwa miezi mingi kabla, na miaka ya karibuni zimekuwa zikiisha. Mwaka 2023, mbio zilipotimiza miaka 100, walifika watu zaidi ya 300,000. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho lazima ununue tiketi ya mbio kabla hujajua kama viza itatoka. Hapo hakuna ujanja, ila malazi chukua yale yanayoweza kufutwa, na tiketi ya ndege isiyorudishwa usiiguse kwanza. Pasipoti zenu ziangalie leo: zisiwe zimetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita, na zibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya kuondoka kule.

Na hata mkifanya yote sawa, inaweza kuharibika mwishoni. Mwaka 2016 Toyota iliyokuwa inaongoza iliishiwa nguvu dakika chache kabla ya mwisho, Porsche ikapita ikashinda. Daftari la mumeo bila shaka lina ukurasa huo. Nakutajia ili usije ukaubebesha ubalozi kazi ya kuamua mambo ya nyumbani kwenu, kwamba viza ikitoka utasema yote na isipotoka utanyamaza. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa mambo makubwa zaidi ya safari.

Shemeji yako muweke kando kwa sasa. Najua kuna sehemu yako inayotamani asikie kwamba fedha zilikuwepo. Hata mimi niliposoma ule utani wake nilitamani. Lakini hilo litakuwa la mumeo kuamua, likiwepo.

Mwisho, wewe mwenyewe. Umeandika tiketi "zake na zangu," na barua nzima hukusema kama unazipenda mbio hizi au umezizoea tu. Saa 24 ni ndefu, kule hata Juni mvua hunyesha, na kelele ni za kuziba masikio kweli, viziba vinanunuliwa kabla ya kufika. Huenda unataka kuwa pembeni yake akiliona. Huenda ungependa aende na rafiki, wewe ubaki Paris siku mbili ulale. Liseme nalo.

Ukiamua kuzungumza naye, tafuta siku ambayo gereji imefungwa na watoto hawapo. Kaa upande ambao anaweza kukuona uso. Na simu iwe mezani, isiwe mkobani.

Shangazi